Hii Gita ni ya Nani? Habari ya Baa, Chai na Wanamuziki wa Kwetu

OK Jazz, bendi ambayo Mkongo yeyote wa hapa kambini anaijua hata kama alizaliwa Kakuma, ilipata jina lake kwa baa. Mwaka 1956, pale Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kina Franco, Essous na Vicky Longomba walikuwa wakipiga kwenye baa ya Oscar Kashama. O na K ni herufi za jina lake. Baadaye watu walisema ni Orchestre Kinois, na si vibaya, lakini mwanzo wake ni jina la mtu aliyeuza bia.

Nalitaja hili kwa sababu mimi nauza chai, na kwangu muziki unapigwa. Kila nikisikiliza wazee wakisimulia muziki wa kwetu, swali moja linanirudia: vyombo vilikuwa vya nani? Sauti ni ya mwimbaji, vidole ni vya mpigaji, hilo halina ubishi. Lakini gitaa, ampu na spika, nani alivinunua?

Kwenye baa hesabu ni nyepesi. Mtu ana kiu, muziki unamfanya akae, akikaa anaagiza ya pili na ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo inamlipa mpiga gitaa. Franco mwenyewe aliielewa hesabu hii vizuri, maana miaka ya 1970 alikuwa na klabu yake pale Kinshasa, Un-Deux-Trois. Akawa anapiga kwake. Wangapi walifika pale alipofika Franco? Wachache sana.

Kule Katanga kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao sasa tunauita Likasi. Bosco alikuwa na gitaa moja kavu, la mbao, bila umeme, na aliimba Kiswahili. “Masanga” ni yake. Ukiisikiliza bila kuambiwa, utaapa wanapiga watu wawili. Mtu wa namna hiyo hahitaji baa, anahitaji kivuli na watu watakaonyamaza. Ila tumbo ni tumbo. Mwaka 1959 Bosco alikuwa Nairobi akiimba matangazo ya Aspro, vidonge vya kichwa. Mwenzake wa Katanga, Édouard Masengo, aliimbia Coca-Cola. Hawakuwa na mwenye baa, wakapata mwenye vidonge na mwenye soda.

Halafu kuna Remmy Ongala, na huyu ndiye namfikiria zaidi, kwa sababu alivuka mpaka kama sisi, ingawa hakuvuka akikimbia. Mzaliwa wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978, mjomba wake Makassy akimwita kwenye bendi yake. Baadaye Remmy akaongoza Super Matimila, na ni kwa bendi hiyo dunia ilimjua. Jina la Matimila, hata hivyo, lilitoka upande wa mwenye vyombo. Mwishoni mwa maisha yake aliimba nyimbo za kanisa, akafariki 2010. Leo pale Sinza, Dar es Salaam, kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Vyombo havikuwa vyake, lakini kondakta wa daladala analiita jina lake mpaka usiku.

Sasa kambini. Kakuma ilianza 1992, na waliokuja hawakuja na spika. Walikuja na vilivyobebeka: Waethiopia na krar yao, sisi na nyimbo za kichwani. Kwangu wapigaji walianza na chupa ya Fanta na kijiko. Ile chupa ya zamani yenye mistari, ukiikwaruza na kuigonga inashika mdundo vizuri kabisa.

Watu wananiuliza kwa nini siuzi bia. Si dini peke yake. Bia ingeniletea wanaume watupu, kelele, na polisi mlangoni. Chai inamleta Msomali anayetaka iliki na tangawizi nyingi, inamleta Mrundi, mama wa kwaya pamoja na mtoto wake mgongoni, hata mfanyakazi wa shirika mwenye beji shingoni (karibuni, nyinyi mnaosoma hapa, lakini chai yetu ina sukari nyingi, msije mkalalamika).

Ubaya wa chai ni kwamba inaondoa kiu. Muziki ukiwa mtamu, mtu anakaa na kikombe kimoja saa nzima, kimepoa, anakishika tu. Kwa muuza bia muziki ni faida. Kwangu mimi muziki unakalia viti. Ilinichukua muda kuona kwamba pesa ya usiku wa muziki haiko kwenye birika, iko kwenye mandazi. Mtu hawezi kushika andazi saa nzima. Basi Jumamosi nakanda unga mara mbili, chai inabaki bei ileile, na makubaliano yetu ni mafupi: sahani ikipita, yote ni ya wapigaji. Mandazi ni yangu.

Gitaa lilikuwa la kwaya ya kanisa moja. Vijana wangu wawili ni wanakwaya, walikuwa wakiliazima. Siku moja wazee wakasema halitoki tena kwenda kwenye nyimbo za dunia. Tukarudi kwenye chupa na kijiko kwa miezi mitano, na viti vikapungua watu. Zamu yangu ya kupokea kwenye kikundi cha akiba ilipofika, nikamtuma dereva mmoja wa lori aniletee gitaa kavu kutoka Kitale.

Siku lilipofika, mkubwa wao alilipapasa kwanza bila kulipiga. Akauliza, “Mama, hii gita ni ya nani?”

Nikamwambia, “Ni yangu. Mtalipiga nyinyi.”

Akacheka. “Basi sasa Kashama ni wewe.”

Nilicheka naye, lakini usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikawaita wote wawili, tukafungua daftari. Kila Jumamosi wanatoa shilingi hamsini kwenye sahani yao mpaka bei ya gitaa itimie, kisha ni lao.

Ila mdogo wao ameshafanya mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mkubwa anasema gitaa likishalipwa libaki hapa, watu wa hapa ndio walilinunua, shilingi kwa shilingi. Mdogo anasema Bosco angeacha gitaa lake Jadotville, Nairobi wangesikia nini? Mimi wananiangalia niamue, na nimekataa. Nimewaambia waandike wao wenyewe kwenye daftari, kwa mkono wao, kabla majibu ya safari hayajatoka.

Mpaka leo kuna mistari kumi na tisa ya malipo, na ule ukurasa wa makubaliano bado mweupe. Jumamosi hii wanapiga. Mdogo amesema atakuja mapema, waya wa tatu umelegea na anataka kuubadilisha kabla watu hawajakaa.