Ikweta kama Mpaka wa Kitopolojia: Hoja ya Kufundishia Fizikia Mpya Bujumbura

Tangu Tuzo ya Nobel ya mwaka 2016 iwaendee David Thouless, Duncan Haldane na Michael Kosterlitz, awamu za kitopolojia za maada zimezoeleka kama jambo la maabara zenye baridi kali. Historia inaipa nguvu picha hiyo. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing aligundua kwamba elektroni zikibanwa katika tabaka jembamba ndani ya uga sumaku mkali, ukinzani wa Hall hupanda kwa ngazi: ohm 25,812.807 kugawanywa kwa namba kamili, hata kipande chenyewe kikiwa na dosari. Miaka miwili baadaye Thouless na wenzake walionyesha kwamba namba hiyo ni ya kitopolojia. Ni kama fundo kwenye kamba ambayo ncha zake zimeunganishwa: uivute utakavyo, fundo halitoki mpaka ukate. Ninachodai hapa ni kwamba baridi na elektroni si kiini cha habari hii, na kwamba mfano wake mkubwa kuliko wote unapita juu ya Bujumbura, mji ulio takriban kilomita 375 kusini mwa ikweta.

Mwaka 2017 Pierre Delplace, Brad Marston na Antoine Venaille waliichukua milinganyo ya kawaida ya maji ya kina kifupi, ile ile inayotumika kueleza mienendo mipana ya hewa na bahari, wakaichunguza kwa zana za Thouless. Mzunguko wa dunia hufanya kazi ambayo uga sumaku huifanya kwa elektroni: huondoa ulinganifu kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati. Mbali na ikweta, mzunguko huo huacha pengo la masafa kati ya mawimbi ya kasi na mienendo ya polepole. Lakini athari hiyo ya mzunguko, iitwayo athari ya Coriolis, hubadili alama tunapovuka kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo kwenye ikweta yenyewe huwa sifuri na pengo hufungika. Namba za kitopolojia za pande hizo mbili zinatofautiana kwa 2, na nadharia inadai kwamba mpakani pawepo mawimbi kwa idadi hiyo hiyo, yaani mawili, yanayosafirisha nishati kuelekea mashariki tu. Mawimbi hayo yapo, na ni ya Kelvin na ya Yanai. Lile la Kelvin likivuka Pasifiki kwa muda wa miezi miwili hivi husaidia kuanzisha El Niño, ambayo mara nyingi huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki, kama ilivyokuwa mwaka 1997. Angani, mawimbi ya jamii hiyo hubeba mawingu ya mvua kutoka bonde la Kongo kuja kwetu.

Msomaji makini atapinga kwamba Taroh Matsuno alikwisha kuyapata mawimbi haya kwa hesabu mwaka 1966, bila topolojia yoyote. Ni kweli. Lakini hesabu ya Matsuno inaonyesha kwamba yapo chini ya masharti fulani, ilhali hoja ya kitopolojia inaeleza kwa nini hayatoweki masharti hayo yakivurugwa, na hapo ndipo penye faida. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna kwanta ndani yake. Hilo nalikubali, na lina gharama yake. Mwaka 1982 Daniel Tsui na Horst Störmer walikutana na ngazi ya Hall yenye theluthi moja badala ya namba kamili, na mwaka uliofuata Robert Laughlin akaeleza kwamba elektroni zikishirikiana huzaa chembe zenye theluthi ya chaji ya elektroni. Ikweta haina cha kutufundisha kuhusu chembe hizo, kwa sababu zinatokana na msukumano wa elektroni nyingi kwa pamoja. Hata hivyo, chembe za ajabu ni uwanja ambao ushahidi wake huteleza. Makala ya mwaka 2018 iliyodai dalili za chembe za ajabu ziitwazo Majorana katika nyaya nyembamba huko Delft, Uholanzi, ilibidi iondolewe mwaka 2021. Mwanafunzi anayeanza na mawimbi yanayoonekana kwa satelaiti hupata kwanza kipimo cha uthabiti, ndipo ahukumu madai magumu zaidi.

Wapo wanaosema nchi yenye uhaba wa vifaa isubiri. Pingamizi hilo linadhani kwamba njia pekee ya kuingilia ni maabara. Hesabu yote ya Delplace na wenzake inasimama juu ya matriki ya tatu kwa tatu, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu cha Burundi anaweza kuikokotoa kwa kalamu. Taasisi ya IGEBU hupima mvua za nchi, na huko Kigali, tangu 2018, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi inayoshirikiana na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, inafundisha fizikia ya maada. Swali linalofaa kwa tasnifu ya kwanza liko wazi: katika rekodi za mvua za Bujumbura, ni sehemu gani inayofuata kupita kwa mawimbi ya Kelvin, na je, milima ya mashariki mwa Ziwa Tanganyika huyavunja au huyaacha yapite?