Ardhi Tupu au Ardhi Iliyoachwa? Majina ya Udongo na Uteuzi wa Mashamba Tanganyika, 1935–1951

Makala haya yanachunguza swali la zamani: jamii inayoishi kwa jembe na mifugo hujuaje kwamba mahali fulani panafaa kukaliwa? Wanahistoria wa kilimo wamezoea kulijibu kwa ramani na takwimu za mvua. Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu ya uteuzi huo imo pia katika msamiati, na pale ambapo msamiati haukusomwa hasara ilikuwa kubwa.

Tuanze Usukumani, kusini mwa Ziwa Viktoria. Kutoka vilima vya mawe hadi bondeni, kila sehemu ya mteremko ina jina lake. Luseni ni udongo mwepesi wa kichanga. Hulimika kwa jembe la mkono hata mvua ikiwa chache, na hufaa mihogo, uwele na karanga. Chini yake kuna itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Huo uliachiwa ng'ombe, hadi wakulima walipoanza kuujengea majaruba ya mpunga. Mbuga ni udongo mweusi mzito: hunata masika, hupasuka kiangazi, lakini hutunza unyevu. Kwa mkulima wa namna hiyo, mahali bora hapakuwa penye udongo mmoja bora. Palikuwa pale ambapo aina kadhaa zilifikika kwa miguu, ili mvua ikikosea shamba moja, jingine lisalie.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, Usambara, aliyazingatia majina ya wenyeji. Dhana yake ya katena, yaani mnyororo wa aina za udongo unaojirudia kutoka kilele hadi bonde, aliyoitangaza mwaka 1935, ilizaliwa katika miteremko ya Afrika Mashariki. Taarifa ya safari yake ya 1935–1936 kupitia Tanganyika ilichapishwa mwaka 1947, yeye akiwa amekwishafariki.

Mwaka huohuo matrekta yalikuwa yakifyeka vichaka vya Kongwa, Ugogo. Uingereza, iliyopungukiwa mafuta ya kula baada ya vita, ilikuwa imekubali pendekezo la ujumbe wa John Wakefield la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Ujumbe huo ulifanya kazi kwa muda wa wiki 9 hivi, na sehemu kubwa ya ardhi uliiona kutoka angani. Kumbukumbu za mvua za Kongwa zilikuwa chache. Kilichovutia ni uchache wa watu. Sababu ya uchache huo haikupewa uzito uliostahili.

Karanga huvunwa kwa kung'olewa. Udongo wa Kongwa, mvua ilipokatika, uligeuka mgumu kama tofali, na mchanga wake ulikwangua vyuma vya majembe ya trekta. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufikia 10,000. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimefutwa katika vitabu vya hesabu.

Haifai kuwafanya Wagogo wajuzi wasiokosea. Nchi yao ilikumbwa na njaa mara kwa mara, na ile ya Mtunya, iliyofuatia majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, iliua watu wengi. Lakini uwele, mtama na ng'ombe wa kuhamishika vilikuwa jibu kwa mvua isiyoaminika. Vichaka vilivyoonekana kutoka angani kuwa vitupu vilikuwa sehemu ya jibu hilo: malisho, kuni, asali, na matunda ya mwaka wa njaa.

Kiswahili sanifu nacho hakijatusaidia sana. Leo ukimwambia mwanafunzi wa mjini "mbuga", huona simba na watalii. Udongo mweusi umetoweka katika neno. "Pori", katika lugha ya ofisini, hukaribia kumaanisha mahali pasipo mwenyewe. Jambo hili si la wanaleksikografia peke yao. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inaingiza katika ardhi ya jumla ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka uleule, inafafanua ardhi ya jumla bila maneno hayo. Mfugaji anayeiacha itogolo miezi kadhaa ipumzike ili airudie kiangazi hajui, kwa kusoma sheria hizo mbili, kama bado anayo.