Jinsi ya kuiandaa nyumba kukabili kipupwe kikali Minnesota

MWENYE nyumba katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, hangoji theluji ianguke ndipo aanze kuziba madirisha. Kazi hiyo hufanywa Septemba na Oktoba, majira ya mapukutiko, wakati majani ya miti yanapobadilika rangi na kudondoka.

Ifikapo Desemba, ardhi imeshaganda, mafundi wa mitambo ya joto wamelemewa na wito wa dharura, na dosari ndogo iliyopuuzwa yaweza kumgharimu mtu nyumba au hata uhai wake.

Baridi ya huko si ya kufanyiwa mzaha. Jijini Minneapolis, usiku wa kawaida wa Januari hufikia takriban nyuzi 13 chini ya sufuri katika kipimo cha Selsiasi. Mnamo Januari 30, 2019, jiji hilo lilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sufuri. Rekodi ya jimbo zima iliwekwa karibu na mji wa Tower mnamo Februari 2, 1996: nyuzi 51 chini ya sufuri. Ikumbukwe kwamba friji ya kugandishia nyama nyumbani huwekwa nyuzi 18 tu chini ya sufuri.

Kwa Wakenya waliohamia vitongoji vya Minneapolis, hili ni somo jipya. Nyumba nyingi nchini Kenya hujengwa ili zipitishe hewa, na aghalabu huachwa matundu ya kudumu juu ya madirisha. Minnesota mambo ni kinyume. Nyumba hulindwa dhidi ya maadui watatu: joto linalotoroka, maji yanayoganda na gesi yenye sumu isiyoonekana.

Kuziba nyufa

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika majira haya, methali hiyo huchukuliwa kwa maana yake halisi.

Njia rahisi ya kugundua nyufa ni kuwasha udi siku ya upepo na kuusogeza polepole kandokando ya madirisha, milango na mahali nyaya na mabomba yanapopenya ukutani. Moshi ukiyumba, hewa inapita hapo. Nyufa za ukutani huzibwa kwa silikoni, nazo kingo za milango na madirisha hubandikwa utepe wa mpira au sponji. Madirisha makuukuu hufunikwa kwa ndani kwa karatasi angavu ya plastiki, ambayo hupashwa joto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikanyooka.

Hata hivyo, njia kuu ya joto kutoroka huwa darini, kwa kuwa hewa ya moto hupaa. Sakafu ya dari hutandazwa nyuzi za glasi au malighafi nyingine ya kuhifadhi joto, lakini baada ya matundu kuzibwa.

Dari ikipuuzwa, madhara huonekana juu ya paa. Joto linalovuja huyeyusha theluji, maji huteremka hadi ukingoni kwenye baridi na kuganda upya. Barafu hiyo hugeuka ukuta, maji yanayofuata hukosa njia na kurudi chini ya vigae hadi ndani ya nyumba. Mifereji ya paa nayo husafishwa majani yakishamaliza kudondoka, ili maji yasituame humo.

Mtambo wa joto

Nyumba nyingi za Minnesota hupashwa joto na tanuri linalotumia gesi, ambalo aghalabu huwekwa katika ghorofa ya chini ya ardhi. Fundi mwenye leseni huitwa mapema kulikagua na kulisafisha. Mwenye nyumba naye hukagua kichujio cha hewa kila mwezi na kukibadilisha kinapochafuka, kwani kichujio kilichoziba hulifanya tanuri litumie nguvu nyingi na hata lizime.

Dohani husafishwa kabla ya moto wa kuni kuwashwa, maana masizi yaliyogandamana humo yanaweza kushika moto.

Maji na mabomba

Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia tisa, na nguvu hiyo hupasua bomba la chuma. Mara nyingi hasara huonekana barafu inapoyeyuka, maji yakaanza kumwagika ndani ya kuta.

Kabla ya baridi kuanza, mipira ya kunyunyizia bustani huondolewa. Vali ya ndani inayopeleka maji nje hufungwa, kisha bilula ya nje hufunguliwa ili maji yaliyosalia yatoke. Mabomba yanayopita mahali pasipo joto huvishwa sponji maalumu.

Usiku wa baridi kali, milango ya kabati zilizo chini ya sinki huachwa wazi ili joto lifikie mabomba, na bilula huachwa itiririshe maji kidogo. Anayesafiri hazimi tanuri kabisa. Hushauriwa aache joto lisilopungua nyuzi 13. Kila mmoja katika familia anapaswa kujua ilipo vali kuu ya maji, kwani bomba likipasuka hakuna wakati wa kuitafuta. Bomba lililoganda huyeyushwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Kamwe si kwa moto.

Gesi isiyo na harufu

Hatari kubwa zaidi haina rangi wala harufu. Kaboni monoksidi hutokana na gesi, kuni, makaa au petroli isiyoungua vyema, na nyumba iliyozibwa barabara huizuia isitoke. Bomba la kutolea moshi wa tanuri likifunikwa na theluji, gesi hiyo yaweza kurudi ndani watu wakiwa usingizini.

Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kutambua gesi hiyo kiwekwe umbali usiozidi mita tatu hivi kutoka kila chumba cha kulala. Wengi hubadilisha betri za ving'ora Jumapili ya kwanza ya Novemba, siku ambayo saa hurudishwa nyuma.

Athari za kutojiandaa zilidhihirika Februari 2021 katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, lisilozoea baridi ya aina hiyo. Umeme ulikatika katika mamilioni ya nyumba, mabomba yakapasuka, na idara ya afya ya jimbo ikarekodi vifo 246. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, lakini baadhi yao walivuta kaboni monoksidi wakijaribu kujipasha joto.

Mkasa kama huo si mgeni nchini Kenya, ambako baridi ya Juni na Julai huwafanya baadhi ya watu walale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Wanaohamia ughaibuni hawana budi kuiacha desturi hiyo nyumbani. Jiko la makaa na jenereta havitumiwi ndani ya nyumba wala katika gereji, hata mlango ukiwa wazi.

Haki za wapangaji

Si kila mhamiaji anamiliki nyumba. Chini ya sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2024, mwenye nyumba wa Minnesota anawajibika kumpa mpangaji joto lisilopungua nyuzi 20 kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Mpangaji anayeona dosari anashauriwa kuiripoti kwa maandishi mapema na kuhifadhi nakala.

Katika kipindi hichohicho, kanuni za jimbo humkinga mteja wa nyumbani asikatiwe umeme au gesi ya kupashia joto kwa sababu ya deni. Kinga hiyo haiji yenyewe: mteja sharti awasiliane na kampuni, wakubaliane jinsi ya kulipa, na atimize makubaliano hayo. Familia zenye kipato kidogo zinaweza pia kuomba msaada wa serikali wa kulipia nishati.

Kazi ya mwisho ni kuweka akiba ya chumvi ya kuyeyushia barafu, sepetu ya theluji, tochi, mablanketi, dawa na chakula kisichohitaji kupikwa. Jijini Minneapolis, mwenye nyumba ya familia moja hupewa saa 24 baada ya theluji kukoma kuanguka awe ameiondoa kwenye njia ya waendao kwa miguu. Asiyenunua sepetu Oktoba huenda akakuta madukani zimekwisha.