Jembe Walipewa, Bunduki Je?

Kijana anayetaka uaskari huulizwa mengi, lakini makubwa ni mawili. Mwili wako ni mzima? Na wewe ni wa nani? La kwanza hujibiwa na daktari. La pili lina historia ndefu, na historia hiyo tunaweza kuisoma pale Ulyankulu, kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora.

Tuanze na Mtemi Mirambo, aliyezitawala sehemu hizo mpaka alipofariki Desemba 1884. Rugaruga wake, waliopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, hawakuwa watu wa kabila moja. Walikuwemo mateka, watoro na wapagazi walioiacha misafara. Mirambo aliwapenda vijana wepesi, wasio na mke wala mtoto wa kuwakumbuka vitani. Ulikotoka siyo hoja. Anayemtii mtemi basi ni wa mtemi.

Wakaja Wajerumani. Jeshi lao la mwaka 1889 lilianza na askari Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Baadaye ndipo wakaandikishwa Wanyamwezi na Wasukuma kwa wingi. Waingereza nao wakaja na Keya, na Vita Kuu ya Pili ikawafikisha vijana wa Tanganyika hadi Burma. Mkoloni alitaka mwili wenye nguvu na mtu wa kutii amri. Uraia angeuulizia wapi, na wenye nchi wenyewe walikuwa watawaliwa tu?

Baada ya Uhuru swali likageuka. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na kesho yake wenzao wa Tabora wakafuata. Mwalimu Nyerere akalivunja jeshi lile, akawaita vijana wa TANU, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Kuanzia hapo askari hakutakiwa kuwa mtu wa mshahara tu, bali mwananchi mwenye silaha. Hata Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 28, inautaja ulinzi wa taifa kuwa ni wajibu wa raia. Ni haki kabisa. Nchi lazima imjue inayemkabidhi bunduki.

Sasa turudi Ulyankulu. Mwaka 1972 makazi yalifunguliwa pale kwa Warundi waliokimbia mauaji ya kwao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na kweli walipewa jembe na ardhi. Wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakazaa. Mtoto aliyezaliwa pale alisoma kwa Kiswahili na kucheza mpira na wenzake, lakini kwenye karatasi alikuwa mkimbizi kama baba yake. Daktari angempima asimwone na kasoro hata moja, na isingemsaidia kitu. Swali la pili lingemkwamisha kabla hajavua shati.

Mwaka 2010 Serikali ilikubali kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Hilo ni jambo kubwa, na ni nchi chache duniani zilizothubutu kulifanya kwa watu wengi namna hiyo.

Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Mwaka 2024 JWTZ ilipotangaza nafasi, ilitaka raia mwenye kitambulisho cha Taifa, afya nzuri na akili timamu. Na kwa wa kidato cha nne na cha sita, umri usizidi miaka 24. Kwa kipimo hicho, kijana wa Ulyankulu aliyezaliwa mwaka 1985 alikuwa na miaka 29 siku cheti kilipofika. Afya anayo, uraia anao, kumbe umri umeshaondoka! Mdogo wake wa mwaka 2000 alikuwa na miaka 14, na mlango ulikuwa bado wazi kwake.

Kuuliza "wewe ni wa nani" si kosa. Kosa ni kumwacha mtu miaka 42 bila kumpa jibu. Hao wawili ni tumbo moja, walikulia shamba moja la tumbaku, na miguu yao ilikuwa na nguvu sawa. Mmoja alikuwa na nafasi ya kuilinda nchi hii kwa bunduki. Mwenzake ataendelea kuilisha kwa jembe lile lile alilopewa baba yake.