Karani Aliyeandika Habari za Ugogo

Mwaka 1954, idara ya vitabu ambayo serikali za Afrika ya Mashariki ziliianzisha mwaka 1948 ilipiga chapa kitabu kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mwandishi wake hakuwa mwanachuoni, wala padre, wala mtawala wa Kizungu aliyekuwa akijipumbaza kwa habari za kale. Alikuwa Mathias Mnyampala, mtu wa Ugogo, ambaye kwa nyakati mbalimbali alikuwa mwalimu, karani wa kodi, liwali, na kisha hakimu. Historia ilikuwa kazi ya saa zake zilizobaki.

Alizaliwa tarehe 18 Novemba, 1917, Muntundya katika Ihumwa. Siku hizi mtu akitoka Makole akashika njia ya Morogoro, hufika Ihumwa kabla hajauacha mji wa Dodoma. Zamani zile palikuwa ni mbuga na mashamba ya uwele na mtama. Mwaka huo haukuwa mwaka mwema. Majeshi ya Wadachi, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa nchi, na mvua nayo ikakatika. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana. Gregory Maddox, aliyeichunguza baadaye, amekadiria kwamba watu waliokufa hawakupungua 30,000. Basi mwandishi wa historia ya Ugogo alikulia miongoni mwa watu waliohesabu miaka yao kwa njaa, na si ajabu kwamba mtu wa namna hiyo alitaka mambo yawekwe katika maandishi mapema, kabla wenye kuyajua hawajaondoka.

Tena Ugogo ulikuwa umekwisha kuandikwa, lakini umeandikwa na wapita njia. Katika karne ya 19 misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora ilipita humo, nao watemi wakatoza hongo kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita. Wageni kama Henry Stanley waliijaza hongo hiyo katika vitabu vyao kwa manung'uniko mengi. Msomaji wa vitabu vile angedhani kwamba Mgogo hana kazi ila kumdai mgeni nguo. Nchi ipatayo mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na pengine chini yake sana, kisima ni mali, na mwenye kisima hana sababu ya kukitoa bure kwa msafara wa watu mia tano. Hilo wasafiri hawakulitia maanani. Mnyampala aliigeuza meza ya hesabu. Alianza kwa wenyeji: asili yao, koo zao, watawala wao, ndoa na mila. Na habari za koo zenyewe, ambazo hutaja kutoka Uhehe, Unyamwezi na Usagara, zaonyesha kwamba Wagogo ni watu waliokusanyika, wala si kabila lililoshuka zima kutoka mahali pamoja.

Hapana shaka kazi yake ya serikali ilimfaa. Karani wa kodi huzijua kaya, na liwali husikiliza mashauri ya urithi na mahari, ambamo kila upande hutaja mababu zake. Lakini faida hiyo ina doa lake. Mzee aulizwaye habari za ukoo na mtu aliyekuja jana kudai kodi hupima maneno yake, na yapo ambayo hayasemi kabisa. Kitabu cha 1954 yafaa kisomwe kwa kukumbuka hayo: ni maneno ya wazee waliyoyatoa mbele ya mtu wa baraza.

Aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kigogo. Yako mambo, hasa ya mtemi na mawe yake ya mvua, ambayo huonekana kupungua uzito yakitolewa katika lugha yake ya kwanza. Hata hivyo Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ofisi na mahakama, na kwa lugha hiyo Mgogo aliweza kusomwa na Mchaga na Mzaramo. Kwa Kiingereza kilifasiriwa na Maddox huyo huyo, mwaka 1995.

Utumishi wake wa tatu haukuwa na mshahara. Katika miaka ya 1960 aliongoza UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wayafikishe kwa watu mafundisho ya Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka uliotangulia. Mnyampala alitumia ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo watoto wa shule waliyasema kwa zamu mbele ya wazazi wao: mmoja hajui, mwingine ajua, na wasikilizaji hufuata mabishano hayo mpaka asiyejua akakubali. Wahakiki wamelalamika kwamba humo jibu hujulikana kabla swali halijaulizwa, na kwa sanaa malalamiko hayo ni ya haki. Lakini namna ile ilimfikia mtu asiyesoma, jambo ambalo waraka wa serikali hauwezi. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, ilipowafunza watu kuchimba vyoo na kujikinga na malaria, nayo ilitegemea watu kukaa pamoja, kusikiliza na kujadiliana.

Mnyampala hakuiona. Alifariki Dodoma tarehe 8 Juni, 1969, akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka huo huo Peter Rigby alitoa utafiti wake mkubwa juu ya ng'ombe na ujamaa wa Wagogo, na baada yake vyuo vikuu vilimtaja Rigby kwanza. Ngonjera za UKUTA zilitoka 1970 na 1971. Habari za maisha yake, alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe na kuziita Maisha ni Kugharimia, zilichapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kuzikwa kwake, nazo zilichapishwa Ufaransa.