Ndoa Ikivunjika, Watoto ni wa Nani?

Somo letu la leo linatoka Usukumani, pande za Shinyanga na Geita.

Zamani huko, swali hili lilijibiwa kwa ng'ombe. Mume aliyetoa mahari ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye watoto. Kama mahari haikutolewa, watoto walikuwa wa ukoo wa mama. Bwana Hans Cory aliziandika mila hizo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953.

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Ndoa. Tangu hapo hakimu hutakiwa kutazama kwanza faida ya mtoto, siyo idadi ya ng'ombe. Mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake. Lakini baba aweza kuleta ushahidi wa kupinga.

Je, ukipatwa na shida hii utafanyaje? Anza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, litakupa hati. Ichukue, uende nayo mahakamani.

Ukiweza kumlipa wakili, mwulize gharama zote kabla hajaanza kazi. Kama huna fedha, usikate tamaa. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Watafute wasaidizi wa kisheria wilayani kwako.

Na karatasi yoyote utakayopewa, isome mwenyewe mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Kidole gumba hakisomi. Wewe sasa unasoma.

Kwaheri, mpaka somo lijalo.