Kanda, Mirabaha na Uaminifu: Wasanii na Wasimamizi wa Hakimiliki Kuzunguka Owino

Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe kwa kumbukumbu ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa dini aliyeuawa Nakivubo mwaka 1885, lilianzishwa mwaka 1971 karibu na uwanja wa mpira wa Nakivubo, na sifa yake kubwa ni nguo za mitumba. Hata hivyo, historia ya muziki uliorekodiwa nchini Uganda haikamiliki bila kutaja vibanda vya eneo hilo na vya vituo vya teksi vilivyo jirani, kwa kuwa humo kanda ziliuzwa na kunakiliwa, na humo swali la nani akabidhiwe kazi ya msanii lilipata jibu ambalo halikutoka katika sheria, bali katika fedha taslimu.

Katika miaka ya 1960 waimbaji wa Uganda kama Fred Masagazi, Elly Wamala na Charles Sonko walirekodi Nairobi, na mirabaha, yaani malipo anayostahili mtunzi kila kazi yake inapotumiwa, ilihesabiwa mbali na macho yao. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1964 ilikuwapo, lakini ilikuwa kama haipo. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, biashara ya santuri ilipoteza sehemu kubwa ya maduka yake, na kanda, ambayo mtu yeyote mwenye redio ya milango miwili aliweza kuinakili kibandani, ikachukua nafasi yake.

Mtindo ulionufaika zaidi na kanda ulikuwa kadongo kamu, uimbaji wa masimulizi marefu ya Kiganda yanayoongozwa na gitaa, ambao Herman Basudde na Paul Kafeero waliupa umaarufu mkubwa. Msambazaji aligharimia studio, akanunua kanda mama pamoja na haki zote kwa malipo ya mara moja, kisha akanakili na kuuza kwa kadiri soko lilivyoweza kubeba. Ni rahisi leo kuwaona wasanii wa wakati ule kuwa hawakujua thamani ya kazi zao, lakini hukumu hiyo haiwatendei haki. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha sarafu, ikaondoa sufuri mbili katika shilingi na kukata asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa. Katika uchumi wa namna hiyo, malipo yaliyoahidiwa mwisho wa mwaka yalikuwa hasara iliyoahirishwa tu, na aliyelipa siku hiyohiyo ndiye aliyeonekana mwaminifu.

Jumuiya ya Haki za Maonyesho ya Uganda, inayojulikana kwa kifupi kama UPRS, ilizaliwa mwaka 1985, katikati ya misukosuko hiyo. Kazi yake ni kutoa leseni kwa redio, hoteli na kumbi zinazotumia muziki, kukusanya ada na kuzigawa kwa wanachama, na kazi hiyo ilipanuka baada ya redio binafsi, Sanyu na Capital zikiwa miongoni mwa za mwanzo, kuanza kurusha matangazo mwaka 1993. Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo: mgawo hauwezi kuwa wa haki ikiwa kituo hakiwasilishi orodha ya nyimbo kilizopiga, na bila orodha mwimbaji wa kijijini anayesikika kila alfajiri hulipwa kwa kukisia. Msambazaji wa Owino hakuhitaji orodha yoyote.

Sheria mpya ya mwaka 2006 ilijaribu kuziba pengo hilo. Ilitaka kila chama cha kukusanya mirabaha kisajiliwe, na uhamisho wa haki uwe wa maandishi yenye saini ya mwenye haki. Usajili peke yake hautoshi, jambo ambalo Kenya ililionyesha mwaka 2017, pale chama kikongwe cha muziki kiliponyimwa leseni na mamlaka ya hakimiliki, kingine kikapewa, na mgogoro ukaishia mahakamani huku watunzi wakisubiri. Kwa hiyo cheti cha usajili ni jambo la kwanza la kukagua, lakini lenye uzito zaidi ni hesabu zilizokaguliwa, kanuni ya mgawo iliyoandikwa, na mlango wa kujitoa uanachama. Mchoraji ambaye picha yake inachapishwa kwenye kitenge au fulana anapaswa kuuliza mambo hayohayo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu picha haina redio ya kuitaja.

Tofauti kati ya leseni, yaani ruhusa ya kutumia kazi kwa muda na mahali maalumu, na uhamisho, unaomwondolea mwenye kazi haki za kiuchumi, ndiyo ambayo biashara ya kanda iliifuta kabisa. Mnunuzi wa kanda mama hakununua haki ya mtunzi kutajwa kwa jina lake, kwani sheria ya 2006 haiiruhusu haki hiyo kuuzwa, ila haki za kiuchumi hulindwa kwa miaka 50 baada ya kifo. Basudde alifariki mwaka 1997 na Kafeero mwaka 2007, kwa hiyo nyimbo zao bado zitakuwa na mwenyewe hadi 2047 na 2057, na mwenyewe huyo, awe mrithi au msambazaji, ataamuliwa na karatasi zilizotiwa saini wakati wa kanda, kama zilitiwa.